Kipa Aliyefanana na Waziri

Kwanza tuwekane sawa. Waziri ndiye aliyefanana na Malimi, si Malimi aliyefanana na waziri. Watu wa siku hizi wameligeuza jambo hili kichwa chini miguu juu, na ukiwasahihisha wanakutazama kama umetoka usingizini.

Malimi alikuwa kipa. Si kipa wa kuokoteza, hapana. Alikuwa kipa ambaye akisimama golini pale Uwanja wa Nyamagana, mashabiki wa timu ngeni walianza kukunja bendera zao kabla ya mapumziko. Walimwita Komeo, kwa sababu akishafunga, amefunga. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjwa na shuti la watu wa Shinyanga, akacheza hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho, na hadi leo kimepinda kama ndoano. Picha yake ilibandikwa kwenye vibanda vya vinyozi kuanzia Mirongo hadi Buzuruga. Wapo watu wazima waliozaliwa mwaka timu yake ilipochukua kombe ambao wanaitwa Komeo na wenyewe hawajui kwa nini.

Siku hizo huyo waziri, Alexander Kalumuna, alikuwa karani tu, na akipita mtaani vijana walimpigia miluzi: "Oya, Komeo! Leo huna mechi?" Paji la uso lile lile pana, macho yale yale yaliyolala kidogo, mwanya ule ule wa meno ya mbele, hata namna ya kuinamisha shingo kabla ya kucheka. Undugu hawakuwa nao. Mmoja Mhaya wa Bukoba, mwingine Msukuma wa Magu, na watani hawakukosa la kusema kuhusu baba yake Malimi na safari zake za meli kwenda Bukoba. Kalumuna alipogombea ubunge mara ya kwanza, alisimama jukwaani kwenye viwanja vya Furahisha akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Ndugu zangu, sura yangu mnaijua, naomba sasa mjue na kazi yangu." Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakampa kura. Kura ngapi zilikuwa zake na ngapi zilikuwa za Malimi, hilo Mungu ndiye anajua.

Miaka ikaenda. Mmoja akapanda, mwingine akashuka. Kalumuna akawa naibu waziri, kisha waziri kamili, kisha mtu wa kila siku kwenye televisheni. Malimi akawa mzee wa Igogo anayenunua dagaa soko la Mwaloni na kuwauza kwa jumla. Na hapo ndipo maneno yalipogeuka. Akipita sokoni: "Mheshimiwa! Maji yanatoka lini?" Akisimama kununua vocha: "Jamani, huyu mzee kafanana na waziri, yaani pacha wake kabisa!" Wengine walimletea shida zao wakiwa hawana hata chembe ya utani. Barabara imebomoka, Mheshimiwa. Mtoto amemaliza chuo hana kazi, Mheshimiwa. Akiwaambia kwamba yeye ni Malimi, kwamba aliwahi kuwa kipa, walijibu, "Sawa, Mheshimiwa," halafu wakacheka wenyewe. Mwanzoni alikuwa anawatukana. Baadaye akachoka, akawa anapunga mkono tu na kupita.

Mtu mmoja alibaki anamwita jina lake, naye ni mkewe, Sabina. Hakumwita baba Rose kama wanawake wenzake, wala mzee, wala Komeo hata enzi zile za makofi. Alimwita Malimi, basi. Mama mkwe alilalamika mpaka akachoka: mwanamke gani huyu anamwita mumewe jina kavu kavu kama anamwita mchunga ng'ombe? Sabina alijibu kwamba hilo ndilo jina alilompenda nalo, na hajui jingine. Na Malimi akirudi kutoka mjini amechoka kuitwa mtu mwingine, alikuwa anakaa barazani akinyamaza, akisubiri lile jina litoke jikoni. Likitoka, anapumua.

Ugonjwa ulianza na chumvi. Sabina alisahau chumvi kwenye mboga, halafu akaitia mara tatu. Halafu akasahau siku ya kanisani. Halafu akapotea njia ya kutoka Igogo kwenda mjini, njia aliyoipita tangu alipoolewa. Daktari alizungumza nao kwa upole, akasema ni kusahau kwa uzee, na kwamba dawa yake kubwa ni kumtunza. Malimi akaacha biashara ya dagaa, akajifunza kusonga ugali na kufua kanga. Binti yao Rose, aliyeolewa Mbeya, alikuwa anapiga simu Jumapili na kulia. Yote hayo Malimi aliyameza. Kilichomshinda kilitokea sebuleni, jioni moja wakati wa taarifa ya habari.

Waziri Kalumuna alikuwa anakata utepe mahali. Sabina akaacha kutafuna michembe yake ya viazi vitamu, akanyoosha mkono kwenye televisheni, uso wote ukachangamka.

"Huyo hapo Malimi! Lakini amekonda jamani. Huko wanampa chakula kweli?"

Malimi akacheka. Hata wewe ungecheka. "Sabina, mimi niko hapa."

Sabina akageuka. Akamtazama kuanzia miguuni hadi kwenye mvi zake, akajifunga kanga vizuri kama mwanamke anavyofanya mbele ya mtu asiyemzoea.

"Karibu, mzee," akasema kwa adabu. "Mwenye nyumba hajarudi bado. Kama unavyomwona, yuko kazini."

Malimi alidhani ni la siku ile tu, litapita. Halikupita. Akatoa picha ya harusi sandukuni, akaiweka mapajani mwa mkewe. Na hapa ndipo penye uchungu, maana Kalumuna alikuwa anapaka nywele zake piko. Mzee mzima, umri sawa na Malimi, kichwa cheusi ti kama cha kijana wa sekondari! Sabina akaishika ile picha ya kipa kijana, akaitazama televisheni, akairudia picha, akaridhika.

"Ndiye huyu huyu. Hajabadilika hata kidogo." Kisha akamtupia Malimi jicho la huruma. "Hata wewe mzee umefanana naye kidogo. Ni ndugu yake?"

Kidogo! Malimi akatoka nje, akakaa juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yao, akaliangalia ziwa mpaka macho yakamwasha. Karani aliyeanza kwa kuazima sura yake sasa amekuwa mwenye sura, na yeye amebaki anafanana kidogo.

Siku moja alishindwa kuvumilia. Akamshika mkewe mabega, akapaza sauti: "Mimi ndiye Malimi! Nitazame! Ni mimi!" Sabina alipiga yowe lililofika bondeni. Mwizi! Anataka kuchukua jina la mume wangu! Majirani wakaja mbio, wa kwanza akiwa Mwaija, ambaye nyumba yake na yao zinatenganishwa na ukuta mmoja, na ambaye amemwita Sabina dada tangu akiwa bibi harusi mpya hapo mtaani. Mwaija akamkumbatia, akamnywesha maji, akambembeleza mpaka akatulia. Malimi alikuwa amesimama pembeni, anaangaliwa na majirani kama mtu aliyeua.

Tangu siku hiyo hakuthubutu tena kutaja jina lake ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akawa mgeni. Mgeni akalala kwenye kochi. Sabina, ambaye heshima hakuisahau, alimletea shuka safi kila jioni, akamtakia usiku mwema, akaingia chumbani na kufunga mlango kwa komeo. Komeo mwenyewe akafungiwa komeo. Ungekuwa utani wa kuchekesha kweli kama ungempata mtu mwingine.

Kwamba Sabina angepona, hilo hakuliomba tena. Alikuwa na ombi moja, na alilirudia kila alipojifunika ile shuka: kabla mmoja wao hajafa, Sabina amtazame yeye, yeye huyu, na amwite Malimi.

Mwaija ndiye aliyeleta shauri. Alikuja na bakuli la sato wa nazi, akakaa kizingitini.

"Shemeji, usinikasirikie. Kama dada anamjua yule wa kwenye televisheni, kwa nini na wewe usiwe kama yeye?"

"Niwe nani?"

"Upake piko. Uvae ile kaunda suti yake ya kijivu. Uje baada ya habari, ubishe hodi kama mtu anayetoka kazini."

Malimi aliweka bakuli chini. "Mwaija, yaani nivae nguo za mwanamume mwingine ili nipokelewe nyumbani kwangu?"

"Si nguo za mwanamume mwingine. Utazinunua wewe."

"Toka hapa."

Mwaija akatoka, lakini bakuli akaliacha, na maneno yake pia akayaacha. Malimi alikaa nayo. Alikaa nayo wiki nzima akiosha vyombo, akianika kanga, akijibu "ahsante, mama" kila anapokaribishwa kula chakula alichokipika yeye. Mwisho akamwomba Mwaija amkalie Sabina, akashuka mjini.

Suti aliipata kwa fundi Makame, ambaye alimpima bila kuuliza kitu, maana alidhani ni mambo ya maigizo. Kwa kinyozi Nurdin pale Mirongo mambo yalikuwa mengine. "Mheshimiwa mwenyewe leo!" Nurdin alipiga kelele, na saluni nzima ikageuka. "Tukupake piko ufanane zaidi?" Watu wakaangua kicheko. Malimi akafumba macho akaacha apakwe. Juu ya kioo, pale ambapo zamani palikuwa na picha ya Komeo amedaka mpira hewani, palikuwa na tangazo la mafuta ya ndevu.

Aliporudi akiwa amevaa, njia nzima ilimpisha. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi alimpigia saluti. Mama mmoja alimfuata kutoka daraja la Mirongo akimweleza habari ya kiwanja chake kilichochukuliwa na shemeji yake, na Malimi akasimama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kule kumkatisha kungekuwa ukatili. Akamwambia, "Pole, mama." Yule mama akashukuru kama vile amerudishiwa kiwanja.

Akasubiri nyuma ya jiwe lake mpaka akasikia muziki wa kumaliza habari. Akajipangusa viatu. Akabisha hodi kwenye mlango aliouchonga mwenyewe.

Sabina akafungua. Akamtazama. Malimi alisikia moyo wake unapiga kama siku ya fainali.

"Malimi," akasema Sabina.

Basi. Neno moja, na mzee wa watu machozi yakamtoka hapo hapo mlangoni. Sabina akapiga magoti kumpokea, kama alivyofunzwa kwao Magu, akanyanyuka, akachukua mkono wake wa kushoto, akakitafuta kile kidole kilichopinda, akakipapasa mara mbili tatu. Halafu akatabasamu.

"Umekawia, Malimi. Maji yako ya kuoga yapo."

Walikaa pamoja kwenye kochi. Sabina alimweleza habari za nyumbani, nyingine za jana, nyingine za miaka arobaini iliyopita, na Malimi aliitikia zote. Kisha akashusha sauti.

"Kuna mzee mmoja hapa. Mgeni. Mpole sana. Ananipikia, ananichotea maji, mpaka kanga zangu anafua. Sijui ametoka wapi. Nadhani hana mtu. Ukimkuta usimfukuze, Malimi."

"Sitamfukuza."

"Ananitia huruma. Akikaa hapo, anakaa kama mtu anayesubiri kuitwa."

Malimi akamshika mkono. Jioni hiyo mlango wa chumba haukufungwa.

Utasema, sasa si amepata alichotaka, akae hivyo hivyo na suti yake? Alijaribu. Asubuhi yake aliwasha jiko akiwa bado mume, na Sabina akamjia juu. Mwanamume anapika? Mtu mkubwa kama yeye ashike mwiko, watu watasemaje? Akampokonya kisanduku cha kiberiti, akaanza kumwaga mafuta ya taa hovyo, na nusura nyumba iwake. Mume hakuruhusiwa kupika, hakuruhusiwa kufua, hakuruhusiwa kumwosha mkewe miguu wala kumkumbusha dawa. Kazi hizo aliruhusiwa mgeni tu. Basi Malimi akagawanyika. Asubuhi alivaa shati kuukuu na kofia ya kufunika piko, akawa mgeni anayefanya kazi. Jioni alizunguka nyuma ya jiwe, akavaa suti, akawa mume anayeitwa jina. Mchana kutwa aliwahudumia hao wawili, Sabina na yule mume wake, na kuna siku alimwonea wivu huyo mume, ingawa alikuwa yeye mwenyewe. Jamani, upweke una mambo. Unaweza kukaa na mtu mmoja kwenye kochi moja, mkala sahani moja, halafu bado ukamkosa.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na wangeendelea, kama Kalumuna asingekufa.

Alikufa ghafla, mchana. Malimi alikuwa anapepeta mchele sebuleni, na televisheni ilikuwa inaonyesha kipindi cha mapishi, mara kipindi kikakatwa. Ikatokea picha ya waziri yenye utepe mweusi kwenye kona, na kwaya. Malimi alirukia swichi. Kipa yule yule aliyekuwa anaruka kona hadi kona, safari hii akachelewa. Sabina alishaona.

Hakupiga kelele mara moja. Aliangalia skrini iliyozimika, akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, wamesema nini?" Malimi akashindwa kusema uongo na akashindwa kusema kweli. Ndipo Sabina alipoweka mikono kichwani akalia, kilio cha mjane, kile ambacho mtaa wowote wa Mwanza ukikisikia unaacha shughuli zake.

Mwaija aliingia mbio, miguu peku, analia tayari. "Shemeji amekufa! Shemeji wangu!" Akamkuta shemeji yake amesimama katikati ya sebule na ungo mkononi. Akashika mdomo.

"Suti," akamnong'oneza alipoelewa. "Kavae suti, shemeji! Ajue uko hai!"

Malimi alivaa haraka haraka hata vifungo vikapishana. Akavua kofia. Akasimama mlangoni, kichwa cheusi, kaunda suti ya kijivu, kama alivyosimama jioni zote zile. Sabina akainua macho. Akamwona mtu ambaye televisheni imetoka kumtangaza kuwa ni marehemu. Akarudi nyuma kwa matako mpaka ukutani akiziba uso. "Mtoeni! Mtoeni! Marehemu huyo!" Malimi akakimbilia nje, akavua lile koti hapo hapo uani kama linamuunguza, na hakulivaa tena. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa kinyozi wa jirani akanyolewa kipara.

Basi ikabidi iwe msiba. Ungefanyaje? Mwanamke analilia mumewe, huwezi kumwambia anyamaze. Majirani wakatandika majamvi. Wanawake wakakaa ndani na Sabina, wanaume wakakaa nje. Waliojua waliwaeleza wasiojua, na wengine hawakutaka hata kuelezwa, walikuja tu kwa sababu kuna anayelia. Malimi alipasua kuni za msiba wake mwenyewe. Alichota maji, akapanga viti, akawaambia watu wakaribie. Wapo waliompa mkono wa pole, halafu wakaurudisha kwa aibu, hawajui wampe nani. Rose alipiga simu kutoka Mbeya, amesikia kwa watu.

"Baba, huko nyumbani nani amefariki?"

"Mimi," akasema Malimi.

Siku ya pili akina mama waliimba mapambio, na Sabina aliombwa aseme neno kuhusu marehemu. Malimi alikuwa nje ya dirisha, anakoroga uji wa waombolezaji. Aliacha kukoroga. Sabina akasema, "Alikuwa haniiti mama Rose. Alikuwa ananiita Sabina." Akashindwa kuendelea. Malimi aliendelea kukoroga uji ambao ulikwishaiva, na moshi ukambebea lawama ya macho yake mekundu.

Siku ya tatu watu wakatawanyika. Majamvi yakakung'utwa, sufuria za kuazima zikarudi kwa wenyewe, Mwaija akaenda kulala kidogo kwake. Alasiri ile nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyowahi kuwa. Malimi akampelekea Sabina kikombe cha uji mkekani.

"Ahsante, mzee. Wewe hujaondoka."

"Sijaondoka, mama."

"Kaa basi." Akakaa. Sabina akapuliza uji. "Nikwambie kitu? Yule wa kwenye televisheni nilikuwa simwamini sana."

Malimi akamtazama. "Kwa nini, mama?"

"Vidole. Mume wangu kidole chake hiki cha mwisho kilivunjika uwanjani. Nilikifunga mwenyewe kwa kipande cha kanga yangu, nilikuwa sina kitu kingine. Kikapona kimepinda. Sasa yule wa kwenye televisheni akipunga mkono, vyote vimenyooka. Nikawa najiuliza. Ndiyo maana akirudi jioni nilikuwa nakishika kwanza. Nikikikuta kimepinda, nasema haya, ni yeye." Akamaliza uji. "Lakini sasa wamesema amekufa. Wameonyesha."

Akanyoosha mkono kurudisha kikombe, na Malimi akakipokea kwa mkono wa kushoto. Sabina hakukiachia. Alikuwa anaangalia kile kidole. Akaweka kikombe chini taratibu, akakishika kidole, akakipapasa mara mbili tatu. Maisha yote ya Malimi yalikuwa mkononi mwa yule mwanamke.

"Na wewe ulikuwa kipa?" akauliza Sabina.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa kipa."

"Pole. Nani alikufunga hiki?"

"Mke wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Sabina akamwachia mkono. Alikuwa amekasirika, lakini hasira ya kumwonea mtu uchungu. "Sasa mzee wangu, unafanya nini hapa siku zote hizi? Msiba umekwisha. Umenisaidia sana, Mungu akulipe, lakini nenda nyumbani kwa mkeo. Usimwache mtu peke yake. Mimi ndiyo nimejua hiyo ikoje."

Ungembishia nini? Malimi akasimama. "Haya, mama. Kwaheri."

"Kwaheri ya kuonana. Msalimie."

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake. Akapanda kwenye jiwe lake, akakaa. Ziwani meli ilikuwa inatoka, na chini ya mlima watoto walikuwa wanacheza mpira, mmoja kasimama kati ya mawe mawili, ndiye kipa. Malimi alilia. Hakujificha wala hakujifuta, alilia kama alivyolia Sabina, maana katika siku zote tatu hakuna aliyemwacha naye alie. Hakuwa na pengine pa kwenda. Kila njia aliyoifikiria ilimrudisha kwenye mlango ule ule.

Jua lilipokuwa linazama akashuka, akajinawa uso kwenye ndoo ya uani, akasimama mlangoni bila suti, bila piko, bila kofia.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Alikuwa na majibu mengi. Mgeni. Mzee wa jana. Jirani. Akachoka nayo yote kwa pamoja.

"Malimi," akasema, akarudi nyuma hatua akisubiri yowe.

Yowe halikuja. Zilisikika ndala zikiburuzwa, komeo likavutwa, mlango ukafunguka nusu. Sabina, macho yamevimba, akamtazama uso, kisha akashuka mpaka kwenye mkono wa kushoto, akabaki hapo.

"Hilo lilikuwa jina la mume wangu," akasema.

"Najua, mama. Pole."

"Mkeo je? Umemkuta?"

Malimi akaegemea mwimo wa mlango. "Nimemkuta. Ila hanijui tena."

"Masikini," akasema Sabina. Kisha akaufungua mlango wote. "Basi pita ndani, Malimi. Hapa tutakuzoea pole pole."

Malimi akavua viatu kizingitini, kama wageni wafanyavyo, akaingia.